KILE CHUMA KATIKATI: Historia ya kiungio kinachovuta nyumba za magurudumu, na watu waliokihangaikia bila kuwa mastaa

Mwaka 1954 kampuni ya MGM ilitoa filamu ya vichekesho inaitwa The Long, Long Trailer. Mastaa wake wawili walikuwa mke na mume, na hata nje ya kamera walikuwa mke na mume vilevile, tena kipindi hicho shoo yao ndo ilikuwa inatamba kuliko zote kwenye runinga za Marekani.

Stori yenyewe ni ya maharusi. Jamaa ni injinia, kazi yake inamhamisha hamisha, sasa bibi harusi akaja na wazo: badala ya kununua nyumba, wanunue nyumba yenye magurudumu, waifunge nyuma ya gari, popote kazi ilipo na kwao ndo hapo hapo. Wakanunua ndude moja ndefu kama mita 11. Kumbe kununua nyumba ilikuwa mwanzo tu, maana gari nalo likahitaji vifaa vya kuvutia, breki za tela, na mkwanja ukawa unatoka tu.

Halafu bibi harusi ana katabia. Kila wanapopita anaokota jiwe la kumbukumbu. Mume akamwambia mawe yatupwe, kuna mlima mkali unakuja. Bibie akayaficha ndani. Kwenye mlima wenyewe, gari linahema, korongo liko pembeni, mawe yakaanza kubingirika huko nyuma.

Ukumbi mzima kicheko. Ila kwa mtu aliyewahi kuvuta tela, ile siyo komedi kabisa. Yale mawe yanauliza swali ambalo limesumbua watu zaidi ya miaka mia moja: uzito ukishapanda kwenye tela, nani anaubeba?

Jibu linakaa kwenye kipande cha chuma ambacho hakuna anayekipiga picha. Watu wanapiga picha gari, wanapiga picha nyumba ya magurudumu, ambayo wengine wanaiita karavani. Kile kiungio cha katikati kinabaki na grisi zake. Na waliokitengeneza nao ni hivyo hivyo, hawana mashabiki. Basi humu wataitwa kwa kazi zao tu: dokta, mhunzi, rubani, mtu wa maabara. Inatosha.

KWANZA MUELEWE MKOKOTENI

Kabla ya kwenda Ulaya na Marekani, pita Kariakoo asubuhi uangalie jamaa wa mkokoteni anavyopanga mzigo. Mkokoteni una magurudumu mawili tu katikati. Akijaza magunia mengi nyuma ya ekseli, mishikio inapaa juu, anabaki ananing'inia kama nguo kwenye kamba. Akijaza mengi mbele, mishikio inamkandamiza, mgongo unakatika kabla hajafika Msimbazi.

Mzoefu hapangi nusu kwa nusu. Anaacha mbele kuzidi kidogo, mishikio ilale mikononi kwa uzito anaoumudu. Hapo mkokoteni unamsikiliza.

Tela la kuvutwa na gari ni mkokoteni uleule. Mishikio ndo mkono wa mbele wa tela, na mikono ya yule jamaa ndo kiungio. Ule uzito kidogo unaolala mbele ndo roho ya mambo yote. Ukiwa mdogo mno, tela linacheza mkia. Ukiwa mkubwa mno, gari linakaa matako chini pua juu. Historia nzima ya viungio ni watu kutafuta namna ya kuubeba uzito huo bila kumvunja anayevuta.

DOKTA NA FARASI WAWILI

Uingereza, mwaka 1885. Dokta mmoja Mskoti, aliyewahi kutibu mabaharia kwenye jeshi la majini na baadaye kujipatia jina kwa kuandika vitabu vya vijana, aliamua kutembea nchi kwa starehe. Alikuwa anayatamani magari ya kukokotwa ya jamii ya Waroma, wale waliokuwa wanaishi safarini. Akaagiza lake kwenye karakana ya Bristol. Likatoka la kifahari, akaliita The Wanderer, likavutwa na farasi wawili mpaka Inverness huko kaskazini mwa Scotland. Wengi wanalihesabu kuwa karavani la kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya starehe.

Gari lile lilikuwa na magurudumu manne, na hapo ndo penyewe. Uzito wote ulikaa kwenye magurudumu yake. Farasi hawakubeba kitu mgongoni, kazi yao ilikuwa kuvuta tu.

Magari kama hayo yalikuwa na siri moja chini ya tumbo. Ili ekseli ya mbele iweze kukata kona, mafundi waliweka duara la chuma lililolala juu yake, bodi linakaa juu ya duara, duara linazunguka. Kwa kuwa gari lilikuwa na magurudumu manne, na kile kitu kilikuwa na umbo la gurudumu, watu wakakibatiza "gurudumu la tano". Shika hilo jina, linarudi.

MHUNZI NA BOTI YA TAJIRI

Twende Detroit, Marekani, mwaka 1914. Mhunzi mmoja, kazi yake kupiga kwato za farasi na kutengeneza mikokoteni, alifuatwa na mfanyabiashara wa mbao. Tajiri alikuwa na boti, alitaka kuipeleka kwenye nyumba yake ya mapumziko huko ziwani, na hakutaka farasi. Alikuwa na Ford Model T.

Mhunzi na mwenzake wakatengeneza tela la magurudumu mawili, mbele halina magurudumu kabisa. Mbele yake ikaja kulalia kwenye gari lenyewe. Boti ikafika. Tajiri aliporudi akaona mbona hii kitu inafaa hata kwa mbao zake, akaagiza mengine. Kwa kuwa lilikuwa tela nusu, nusu nyingine ni gari, likaitwa "semi-trailer".

Ndiyo, ni ile ile semi. Ukiwa Mandela Road ukaona kichwa cha semi kinapita bila tela, angalia mgongoni kwake. Ile sahani nyeusi iliyojaa grisi, yenye mpasuko kama mdomo wa samaki, ndo kitukuu cha lile duara la magari ya farasi. Pini nene ya chuma inashuka kutoka kwenye tela, inaingia kwenye mpasuko, inafungwa. Mpaka leo duniani kote inaitwa gurudumu la tano, japo lori lenyewe lina matairi kibao.

Akili ya mhunzi ilikuwa hii: kama anayevuta lazima abebe, basi abebe juu ya ekseli yake ya nyuma. Asibebee mkiani.

RUBANI NA TAIRI LILILOLALA

Marekani kulikuwa na jamaa mmoja wa spidi. Alianza na baiskeli, akaenda pikipiki, akaishia kuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kurusha ndege nchini humo, na kesi zake za mahakamani na ndugu wawili maarufu wa ndege zilikuwa gumzo. Alipenda kutoka na washkaji kwenda kuwinda na kulala porini, ila alipenda starehe pia. Mwaka 1928 akaleta nyumba ya kuvutwa iitwayo Aerocar.

Bodi aliisuka kama ndege, mbao nyepesi na waya za kukaza. Lakini kali zaidi ilikuwa kiungio. Ndani ya gari la mbele, juu ya ekseli ya nyuma, alilaza tairi la upepo. Mkono wa tela ukaingia katikati ya tairi hilo. Gari likipita shimo, tairi linameza mshtuko. Ikikatwa kona, kila kitu kinazunguka taratibu.

Yaani jamaa alichukua gurudumu la tano akalifanya kweli liwe gurudumu! Abiria walikaa ndani wakiwa wametulia wakati gari linatembea. Ila ilikuwa kitu cha wenye pesa. Yeye akafariki 1930, na wazo lake la kuweka uzito juu ya ekseli likabaki kwa malori kwa muda mrefu, mpaka pikapu zilipokuja kulirudisha kwa watu wa kawaida.

MVUA, HEMA, NA BAMPA

Watu wa kawaida walipita njia nyingine. Mtu wa maabara, mtaalamu wa bakteria kutoka Detroit hiyo hiyo, alipeleka familia yake likizo na hema la kuvutwa ambalo aliambiwa linafunguka ndani ya dakika chache. Mvua ikawakuta. Hema likagoma. Familia ikalowa. Akarudi nyumbani na hasira, akatengeneza sanduku la mbao lenye paa la kweli, magurudumu mawili, ndani vitanda na jiko. Mwaka 1930 akalipeleka kwenye maonyesho ya magari ya Detroit. Ndani ya miaka michache kampuni yake ikawa kubwa kuliko zote za nyumba za magurudumu Marekani.

Uchumi ulikuwa umeanguka, watu wanahama kutafuta kazi, wengine wanataka likizo ya bei chee. Soko likawaka kiasi kwamba mtabiri mmoja maarufu wa uchumi alisema ndani ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wataishi kwenye nyumba za magurudumu. Alikosea, lakini ndo upepo wa wakati ule ulivyokuwa.

Sasa tatizo. Nyumba hizi hazikuwa na farasi, hazikuwa na magurudumu manne ya dokta, na mwenye gari dogo hakuwa tayari kukata mgongo wa gari lake aweke sahani ya mhunzi. Njia rahisi ikawa gololi ya chuma nyuma ya gari, na kikombe cha chuma kwenye mkono wa tela kinachoifunika gololi na kujifunga. Rahisi, bei poa, dakika moja umefunga.

Lakini gololi ilifungwa wapi? Kwa wengi, kwenye bampa. Mwaka 1945, vita vikiwa vimeisha, wanandoa wawili kwenye jimbo la Washington walianzisha U-Haul, biashara ya kukodisha matela ya kuhamia nyumba. Mteja anakuja na gari lolote, anabanwa kibano kwenye bampa, anaondoka. Kwa bampa nene za zamani na mzigo mdogo, ilipita. Ila bampa haikuumbwa kuvuta, iliumbwa kugongwa. Bampa zilipokuja kuwa nyembamba za kupendezea, vibano vikabaki historia, na mafundi wakahamia kufunga vyuma kwenye chesesi yenyewe.

Siku hizi kiungio cha maana kinafungwa kwa bolti kwenye chesesi, na nyuma kinatoa mdomo wa mraba, ule wa kawaida una upana wa inchi 2, ambao unachomeka humo mkono wenye gololi.

HESABU YA PUA JUU

Kufunga kwenye chesesi kulitibu bampa. Hakukutibu mkokoteni.

Chukua mfano. Tela lina kilo 3,000. Kwa kanuni ya Marekani, asilimia 10 mpaka 15 ya uzito huo ilale kwenye gololi, yaani kilo 300 mpaka 450. Tuchukue 300. Gololi iko nyuma ya ekseli ya nyuma kwa mita 1.2, na kutoka ekseli ya nyuma mpaka ya mbele ni mita 3. Hapo gari linakuwa bembea. Zile kilo 300 zinanyanyua kilo 120 kutoka kwenye matairi ya mbele, na ekseli ya nyuma inaishia kubeba kilo 420 za ziada.

Kilo 120 zilizotoka mbele ndo zilikuwa zinasaidia usukani kushika barabara na breki za mbele kufanya kazi. Taa nazo zinamulika miti badala ya lami, na dereva anayekuja mbele anapigwa mwanga wa macho. Wengi waliona pua imepanda wakadhani dawa ni springi ngumu nyuma. Springi ngumu inanyanyua matako ya gari, sawa, lakini zile kilo 120 hazirudi mbele. Ni kama kuvaa viatu vya visigino huku mzigo bado uko mgongoni.

Dawa ilikuja kusambaa Marekani baada ya vita, miaka ya 1950 ikashika kasi. Mafundi wakaongeza fimbo mbili za springi. Upande mmoja zinachomekwa kwenye kiungio cha gari, upande mwingine zinavutwa juu kwa minyororo na kufungwa kwenye mkono wa tela. Fimbo zikikazwa, zinajaribu kunyooka.

Rudi Kariakoo kuielewa. Chukulia gari ndo mkokoteni, na nyuma yake lina mishikio miwili. Watu wawili wakiishika mishikio na kuinyanyua, pua ya gari inashuka. Fimbo za springi ndo wale watu wawili. Sehemu ya uzito inarudi kwenye matairi ya mbele ya gari, sehemu inapelekwa kwenye matairi ya tela. Nyumba na gari vinakaa sawa kama meza.

Ujanja uko hapo: uzito haukupungua hata kilo moja, umegawanywa tu. Mtu anayedhani fimbo zinaliongezea gari uwezo wa kuvuta anajidanganya. Kiwango kilichowekwa na kiwanda kinabaki pale pale. Na magari mengine, hasa yale yasiyo na chesesi ya kujitegemea, kitabu chake kinakataza fimbo hizo kabisa, kwa sababu bodi haikuundwa kukunjwa namna hiyo.

CAPE TOWN MPAKA CAIRO

Hapa stori inapita kwetu. Mwaka 1959 mwanzilishi wa Airstream, zile nyumba za alumini zinazong'aa kama sufuria mpya, alisafirisha nyumba 41 na wenyewe kwa meli mpaka Cape Town. Lengo: kuvuta nyumba hizo mpaka Cairo. Wengi wa waliojiunga hawakuwa vijana wa vurugu, walikuwa watu wazima waliokula chumvi.

Wakapanda kaskazini, wakapita Kongo, wakapita Kenya, wakaingia Ethiopia na kupokelewa na Mfalme Haile Selassie. Mwaka 1960 wakaegesha nyumba zao zikiwa na piramidi nyuma yake. Picha zile bado zinauza mpaka leo.

Picha hazionyeshi yaliyopita katikati. Hii siyo lami ya Michigan. Ni mashimo, matope mpaka kwenye ekseli, mito isiyo na madaraja ya maana, milima ya Ethiopia. Kwenye lami, kiungio kinafanya kazi ya kuvuta na kukata kona. Kwenye barabara mbovu kinapigwa juu, chini, kulia na kushoto kila sekunde. Gari linashuka shimoni wakati tela bado liko juu, halafu vinabadilishana. Vitu vikavunjika, watu wakachomelea, safari ikaendelea.

Na hapa kuna funzo ambalo dereva yeyote wa njia ya vumbi analijua kwa mwili wake. Kiungio kinachofaa kwenye lami kinaweza kuwa adui porini. Fimbo za springi zilizokazwa zinapenda barabara iliyonyooka. Gari likiingia kwenye mtaro mkali wakati fimbo zimekaza, nguvu yote ya kukunjika inaenda kwenye chuma na chesesi. Ndiyo maana kwenye njia za namna hiyo watu wengi wanapendelea tela jepesi na kiungio kinachozunguka pande zote.

MKIA UKIANZA KUCHEZA

Kuna jambo linaua kuliko pua juu, nalo ni kuyumba. Tela linaanza kucheza kidogo kushoto, kulia. Dereva anajaribu kulifuata kwa usukani, linazidi. Mara ya nne au ya tano tela ndo linaendesha gari.

Sababu iko mahali gololi ilipo. Kwa kuwa imekaa nyuma ya ekseli, kila tela linapoisukuma pembeni linapata wenzo wa kugeuza gari zima. Basi kubwa likipita kasi na kusukuma upepo, mteremko, tairi lenye upepo mdogo, yote yanaweza kuwasha moto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, walipolipima jambo hili kwa majaribio, mambo makubwa yaliyojitokeza ni yale yale ya mkokoteni: uzito unaolala mbele, na jinsi mzigo ulivyopangwa ndani. Vitu vizito vikikaa karibu na ekseli, tela linatulia. Vikiwekwa mwisho kabisa huku na huku, tela linakuwa kama kengele, ukiligusa tu linapiga. Juu ya yote kuna spidi. Kila mchanganyiko wa gari na tela una spidi yake ambayo ukiivuka, kuyumba hakufi kwenyewe.

Mafundi walijibu kwa njia kadhaa. Ulaya walitengeneza kikombe chenye pedi zinazoibana gololi, kuyumba kukianza msuguano unaumeza. Marekani walifunga kifaa cha msuguano pembeni, au wakazifanya fimbo za springi zenyewe zisugue chuma. Magari mapya yana kompyuta inayobana breki za matairi tofauti tofauti kulinyoosha gari.

Na dereva mwenyewe? Ushauri wa wazoefu ni kushika usukani unyooke na kuachia mafuta taratibu. Kama kuna kitufe cha breki za tela peke yake, kinabonyezwa hicho ili tela lilivute gari kwa nyuma, kamba inyooke. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu ndo kosa linalokunja vyombo. Yule injinia kwenye filamu ya 1954 alikaririshwa hilo hilo siku ya kwanza: breki ya tela kwanza.

SASA MTU ANACHAGUAJE?

Historia yote hiyo ukiikamua, inabaki maswali machache.

Swali la kwanza: tela lina uzito gani likiwa limejaa? Siyo uzito wa dukani. Maji, gesi, vyombo, nguo, betri, na mawe ya bibi harusi, vyote vinahesabiwa. Lita 100 za maji peke yake ni kilo 100.

La pili: kiasi gani kitalala kwenye gari? Marekani wanataka asilimia 10 mpaka 15 kwa kiungio cha gololi ya nyuma. Ulaya mara nyingi ni asilimia 5 mpaka 7 hivi, kwa sababu magari yao mengi yanaruhusiwa kubeba kilo 75 mpaka 100 tu kwenye gololi, karavani zao ni nyepesi, na spidi ya kuvuta ni ndogo. Ujerumani, kwa mfano, kawaida ni kilomita 80 kwa saa, na 100 mpaka upate kibali. Kwa hiyo anayechukua kanuni ya bara moja na gari la bara jingine anachanganya madawa.

La tatu: gari linaweza kubeba nini? Kule Marekani viungio vimepangwa kwa madaraja. Daraja la kwanza linaishia karibu kilo 900, la pili 1,600, la tatu karibu 3,600, na mawili ya juu ni ya mizigo mizito zaidi. Ila kununua kiungio cha daraja kubwa hakuligeuzi gari dogo kuwa lori. Kipande dhaifu kuliko vyote, iwe gari, chuma, gololi au kikombe, ndo kinachoamua kikomo.

Hapo ndo chaguo linajitokeza lenyewe. Tela jepesi, gari linatulia, pua haipandi: gololi ya kawaida inatosha. Tela la kati au zito, gari linaruhusu, safari ni za lami: gololi pamoja na fimbo za springi na kizuia kuyumba. Nyumba kubwa kweli kweli: pikapu na gurudumu la tano, wazo la mhunzi na rubani, ambapo asilimia 15 mpaka 25 ya uzito inakaa juu ya ekseli. Nyumba ya kilo 5,000 ikiweka asilimia 20, ni kilo 1,000 kwenye mgongo wa pikapu, kabla ya kupakia familia. Haiyumbi ovyo, kona inakata vizuri, lakini sehemu ya mizigo ya pikapu imekwisha. Wafugaji wa Marekani nao wana ndugu yake, gololi iliyofungwa katikati ya mgongo wa pikapu na mkono wa tela uliopinda kama shingo ya bata.

Halafu kuna vidogo vinavyoumiza. Gololi zina saizi: inchi 1⅞, inchi 2, na inchi 2 na 5/16, na Ulaya ni milimita 50. Gololi ya 1⅞ inaweza kuingia kwenye kikombe cha inchi 2 na ikaonekana imefunga safi kabisa. Shimo la kwanza kubwa, kikombe kinaruka. Kwa sababu hiyo kuna minyororo miwili ya usalama, inayopitishwa kwa kupishana chini ya kiungio, ili mkono wa tela ukidondoka udakwe na minyororo usichimbe lami. Na kuna waya mwembamba wa mwisho: tela likikatika kabisa, waya unavutika na breki za tela zinajifunga zenyewe.

Hakuna kati ya hivyo kinachoonekana kwenye picha za likizo. Hata hivyo kila kimoja kinajibu swali lile lile la uzito unaenda kwa nani.

Kwenye filamu, maharusi wanafika juu ya mlima wakiwa wazima, nyumba ndani imevurugika, ndoa inaning'inia kwenye uzi. Mwishoni wanapatana, maana ni komedi na ya MGM. Ila mume hakuwa mchoyo wa mawe. Alikuwa anaogopa kitu ambacho mkewe hakukiona kutoka kwenye kiti cha mbele: kipande cha chuma chenye ukubwa wa ngumi, kimebeba ndoa nzima, na hakuna aliyekiuliza kama kinaweza.